Ngano katika Somo la Kiingereza

Ngano ni hadithi za mapokeo zenye wafalme, mazimwi, wanyama wasemao na miujiza ambayo msimulizi halazimiki kuieleza. Mtaala wa taifa wa Uingereza ulioanza kutumika mwaka 2014 unataka watoto wa miaka 5 hadi 7 wazizoee ngano hizo, wazisimulie upya na kuzitambua sifa zake. Kwa mtoto aliyekulia katika Kiingereza agizo hilo si zito, lakini kwa mwanafunzi wa Tanga au Mombasa anayefuata mtaala huo, ambaye Kiingereza hukutana nacho zaidi shuleni kuliko nyumbani, linaonekana kuwa mzigo. Na huenda lisiwe mzigo hata kidogo mwalimu akikumbuka kwamba mwanafunzi huyo anaujua muundo wa ngano kabla hajajua Kiingereza chenyewe.

Muundo huo ulichunguzwa na msomi wa Kirusi Vladimir Propp, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1928 alichambua ngano mia moja hivi za Kirusi, akaonyesha kwamba matendo yake ya msingi hayazidi 31, kwamba hufuatana kwa utaratibu ule ule hata pale baadhi yake yanaporukwa, na kwamba wahusika wote hugawana majukumu saba tu, kama vile shujaa, adui, msaidizi na mtoaji wa kifaa cha ajabu. Watoto hawana haja ya kukaririshwa orodha hiyo. Inatosha wajue kuuliza ni nani amepungukiwa na nini, amekatazwa nini, alilivunjaje katazo hilo, na ni nani aliyemwokoa.

Njia nzuri ya kuwafikisha hapo ni kuanza na ngano waliyoizoea. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha jijini London hadithi za Waswahili, Kiswahili kikikabiliana na tafsiri yake ya Kiingereza, na miongoni mwake kimo kisa cha Sultani Darai, ambamo maskini anayechakura jaani anaokota thumni, ananunua paa, na paa huyo kwa werevu anamwoza binti wa sultani kisha anamuua nyoka ili bwana wake apate jumba. Mwanafunzi anayekijua kisa hicho hapati taabu kukifuata kile cha paka mwenye viatu kilichochapishwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, hata akisomewa kwa Kiingereza, kwa sababu mnyama mwerevu, bwana maskini na uongo wenye faida vimo katika vyote viwili. Mazungumzo ya kweli huanza kwenye tofauti: paka anaishia kuwa bwana mkubwa, ilhali paa anaugua, anadharauliwa na yule yule aliyemtajirisha, anakufa, na bwana huyo anajikuta tena jaani. Watoto wakiulizwa upi ni mwisho wa haki, hubishana, na ubishi huo ndio ufahamu wa habari ambao maswali ya mtihani huutafuta bila kuupata.

Ugumu mkubwa umo katika lugha. Kiswahili kina kiambishi -ka-, ambacho huunganisha matendo yanayofuatana (akaondoka, akafika, akaona), hivyo mwanafunzi anayeandika Kiingereza huyabeba mazoea hayo na kuijaza karatasi kwa "and then". Afadhali aachwe aandike hivyo katika rasimu ya kwanza, kisha arudi kubadilisha baadhi ya viungo hivyo kwa "when", "until" au "but". Kiambishi a- nacho hakitofautishi mume na mke, na matokeo yake ni zimwi linalobadilika jinsia mara tatu katika aya moja, jambo ambalo hata Perrault hakulithubutu. Kwa upande mwingine, ngano hufundisha matumizi ya "a" na "the" bila kanuni nyingi, kwa maana mfalme huingia akiwa mgeni, "a king", na katika sentensi ya pili tayari anajulikana, "the king". Tena vitenzi vyake vya wakati uliopita, kama "went", "saw", "said" na "gave", ni vichache na hurudi kila mara.

Mwalimu Mwingereza Pie Corbett ameeneza utaratibu ambao watoto huchora ramani ya hadithi, huisimulia kwa sauti na ishara za mikono mpaka wameimudu, halafu hubadilisha mahali, mhusika au mwisho, na hatimaye hutunga yao. Ngano ya nguruwe watatu hufaa sana hapo kwa kuwa maneno ya mbwamwitu mlangoni hurudi kama kiitikio cha wimbo katika hadithi za pwani. Shule inayoziruka hatua za mwanzo, ikaandika kichwa cha habari ubaoni na kudai insha ndani ya kipindi kimoja, huvuna nakala za hadithi moja.

Katika kusahihisha, linalopaswa kutazamwa kwanza ni kama katazo lililovunjwa ndilo lililoleta hatari, na kama msaidizi aliyeibuka mwishoni alitajwa mapema. Baada ya hapo huchaguliwa kosa moja la sarufi kwa darasa zima, na tahajia hurekebishwa wakati wa kuandika nakala safi.