Vijidudu Vilinzi vya Tumbo

Tangu kale risasi haikuwa adui pekee wa jeshi. Kuhara damu kumewalaza askari wengi ambao hawakuguswa na silaha yoyote. Burundi inaufahamu ugonjwa huo. Ulienea nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukarudi katika miaka ya 1990, ukisababishwa na kijidudu kiitwacho shigela, ambacho kimekwisha kuzizoea dawa nyingi.

Hata hivyo, si kila kijidudu ni adui. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mjerumani Alfred Nissle alimchunguza askari aliyepigana katika nchi za Balkani. Wenzake waliugua tumbo, yeye akabaki mzima. Katika choo chake Nissle alipata bakteria wa pekee, akamwotesha na kumfanya dawa ambayo ingali ikitumika Ujerumani. Bakteria huyo huvinyang'anya vijidudu vya maradhi madini ya chuma ambayo huvilisha, tena hutoa sumu inayovidhuru.

Mfano wa karibu zaidi uko Mwanza, Tanzania. Mwaka 2004 kina mama wa huko, wakishirikiana na watafiti wa Tanzania na Canada, walianza kugandisha maziwa kwa bakteria waliochaguliwa kwa ajili ya afya.

Lakini sayansi haikubali kila sifa. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa, la Marekani na la Canada, yalionyesha kwamba bakteria wanaouzwa kama dawa ya tumbo hawakuwaharakishia nafuu watoto waliokuwa wakihara. Kwa hiyo kila aina ya bakteria haina budi kupimwa peke yake, kwa ugonjwa wake.

Fundisho kwa askari ni wazi. Antibiotiki hazibagui: huua adui pamoja na mlinzi. Askari wa Gitega, au wa mpakani Muyinga, anayemeza vidonge hivyo ovyo kila tumbo linapomsokota, huwaangamiza walinzi wake mwenyewe na kumzoeza adui silaha. Aoshe mikono kwa sabuni, anywe maji yaliyochemshwa, na choo cha kambi kiwe safi. Akiona damu katika choo chake, aende kwa mganga siku hiyo hiyo. Maziwa ya mgando ni chakula chema. Hayachukui nafasi ya tiba.