Biashara Isiyokausha Chemchemi

Kayna iko katika milima ya Lubero, kando ya barabara kuu itokayo Goma kwenda Butembo. Watu wa milima hii hulima maharage, viazi na kahawa, na wengine huuza makala. Lakini kila gunia la makala lilikuwa miti kwanza. Mfanyabiashara akikata miti bila kupanda mingine, leo anapata faida. Kesho analazimika kwenda mbali zaidi. Keshokutwa hana cha kuuza. Tena mvua ikinyesha juu ya mlima ulio uchi, huchukua udongo wa mashamba na kuutupa mtoni. Ndivyo faida ya mtu mmoja inavyoleta hasara kwa kijiji kizima.

Je, watu waache biashara? Hapana. Watafute namna nyingine ya kuifanya. Mfano uko Mutwanga, katika eneo la Beni, chini ya milima ya Ruwenzori.

Mutwanga iko kando ya Hifadhi ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925. Watu walikata miti ya hifadhi kwa sababu walihitaji moto na fedha. Kuwakataza tu hakukutosha, kwa kuwa mwenye njaa hasikii katazo. Basi mwaka 2013 kituo kidogo cha umeme kilianza kazi huko, chenye nguvu ya kilowati 400 hivi. Mwaka 2015 kingine kikubwa zaidi, cha kilowati 13,800 hivi, kilifunguliwa Matebe, katika eneo la Rutshuru.

Kituo cha namna hii hufanyaje kazi? Sehemu ya maji ya mto hugeuzwa na kupita katika mfereji. Kutoka hapo hushuka kwa nguvu ndani ya bomba kubwa na kuzungusha gurudumu la chuma. Gurudumu nalo huzungusha mashine inayozaa umeme. Kisha maji hurudi mtoni, wala hayapungui.

Lakini maji hayo yanatunzwa na nani? Msitu wa mlimani. Mizizi na majani yaliyooza hunyonya mvua na kuiachia polepole, hata wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, mto hufurika wakati wa mvua na kupungua wakati wa jua, na mchanga wake hula vyuma vya mashine. Kwa hiyo mwenye kuuza umeme anapata faida msitu ukisimama. Mwenye kuuza makala ya hifadhi anapata faida msitu ukianguka. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Umeme ulizaa kazi nyingine. Mutwanga kikajengwa kiwanda cha sabuni, kilichotumia mafuta ya mawese ya wakulima wa jirani. Mafuta huchanganywa na soda kali, nayo hugeuka kuwa sabuni. Kikajengwa pia kiwanda cha chokoleti. Mbegu za kakao huvundikwa siku chache, huanikwa, hukaangwa, kisha husagwa. Mkulima aliyezoea kuona kakao yake ikiondoka ndani ya magunia aliona sasa chokoleti ikitengenezwa karibu naye.

Kazi hizo hazikuwa rahisi. Vita vya Beni vimeua watu wengi na kufunga njia mara nyingi. Tena umeme hununuliwa. Maskini asiyeweza kuulipia hupika bado kwa makala. Shida hiyo inataka akili nyingine tena.

Si lazima kuanza na kiwanda. Maganda ya kahawa yakitupwa mtoni huharibu maji. Yakiozeshwa shimoni huwa mbolea. Jiko la udongo lililotengenezwa vizuri hula makala kidogo. Mchoma matofali akipanda mikaratusi yake mwenyewe, huikata, nayo huchipuka tena katika visiki. Kila mmoja wao amejiuliza swali moja: kitu ninachokitupa au kukimaliza, kinaweza kunifaa namna gani kesho? Wahenga walisema: akiba haiozi.

MASWALI
1. Kwa nini mwenye kuuza umeme wa maji anahitaji msitu?
2. Maji hufanya nini ndani ya bomba?
3. Kwa nini umeme peke yake haumalizi makala?
4. Taja kitu kimoja kinachotupwa kijijini kwenu. Kingeweza kufaa kwa kazi gani?