Neno "Mgonjwa" na Dawa za Mania

Sarufi ya Kiswahili haibagui mke na mume. Asemwapo mgonjwa kuwa amemeza dawa, amelala au amepona, kiambishi ni kile kile kwa wote wawili. Kisangu, lugha ya wenyeji wa Rujewa na bonde la Usangu, nacho ni hivyo hivyo, kama zilivyo lugha nyingine za Kibantu. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halina dhara. Lakini maelezo ya dawa yaandikwapo kwa ajili ya mgonjwa wa mania, neno hilo moja laweza kuficha hatari kubwa.

Mania ni upande mmoja wa maradhi ya baipola. Mtu huchangamka kupita kiasi, hulala kidogo bila kuchoka, husema upesi, na pengine hutapanya mali yake. Upande wa pili ni sonona. Watu husema tu kwamba ana wazimu au kichaa, maneno yanayokusanya maradhi mengi pamoja. Wanawake na wanaume hupatwa kwa kadiri iliyo karibu sawa, ila wanaume huelekea zaidi kuanza na mania, na wanawake kuanza na sonona.

Je, dawa huwatuliza sawasawa? Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alitangaza matumizi yake katika mania mwaka 1949, imechunguzwa kuliko nyingine. Mwaka 2000 Viguera, Tondo na Baldessarini walilinganisha wagonjwa wa jinsia zote mbili, nao hawakuona tofauti kubwa ya kupona. Kwa hiyo tofauti iliyo muhimu haimo katika kutulia kwa mania, bali katika mambo mengine yatendwayo na dawa mwilini.

Lipo onyo lililo la wote. Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, ni nchi ya mpunga, na kazi ya mashamba hufanywa juani. Atumiaye lithiamu akitoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, dawa yaweza kuzidi katika damu na kuwa sumu. Hapa neno "mgonjwa" latosha.

Mengine hayatoshi kusemwa hivyo. Lithiamu hudhoofisha tezi ya shingo kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Haloperidoli na risperidoni zaweza kumkatizia mwanamke hedhi, hata akadhani ana mimba. Mwanamume zaweza kumpunguzia nguvu za kiume, naye akaacha dawa kwa aibu bila kumwambia mtu.

Lililo zito zaidi ni la valproeti na kabamazepini. Dawa hizi hujulikana kama dawa za kifafa, na mgonjwa wa mania huweza kushangaa kupewa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Valproeti ikitumiwa wakati wa mimba, watoto wapatao 10 katika 100 huzaliwa na kasoro za mwili, na kati ya 30 na 40 katika 100 huchelewa katika makuzi na akili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lilielekeza kwamba wanawake na wasichana wawezao kuzaa wasipewe valproeti.

Baada ya kujifungua pia, mwanamke mwenye baipola yumo hatarini kupatwa na kile kiitwacho kichaa cha mimba. Jina hili hukaribiana na kifafa cha mimba, ambacho hutokana na shinikizo la damu na hutibiwa kwa njia nyingine kabisa. Silabi chache tu zatenganisha majina hayo. Asikiaye vibaya aweza kumweleza mganga ugonjwa usiokuwapo.

Yafaa basi waandishi wa maelezo ya tiba watumie "mgonjwa" pale tu onyo linapokuwa la wote. Kwingineko waseme waziwazi: "Mwanamke awezaye kuzaa asianze dawa hii kabla ya kuzungumza na daktari, na anayeitumia tayari asiiache ghafula, bali aende hospitali upesi." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "mgonjwa ameze vidonge viwili," lakini humwonya mama kabla ya mimba, wakati ambapo onyo bado lina faida.