Mguu Bandia Bila Mazoezi ni Nusu ya Tiba

Anayekatwa mguu hapotezi mfupa na nyama tu. Unyayo na kifundo ndivyo vinavyouarifu ubongo, kabla jicho halijaona, kwamba ardhi imeinama au inateleza, na mguu bandia hauna habari hiyo. Mwenye nao huitafuta kwingine: nyongani, machoni, na katika mgandamizo wa soketi, sehemu ya mguu bandia inayovalishwa kigutu. Maarifa hayo hayaji yenyewe. Hufundishwa, siku baada ya siku. Kwa hiyo ni kosa kuihesabu tiba kuwa imekwisha siku mgonjwa anapokabidhiwa mguu. Watafiti wa Kanada waliochapisha matokeo yao mwaka 2001 waliwachunguza watu 435 waliokatwa miguu: asilimia 52 walikuwa wameanguka katika mwaka uliotangulia, na karibu nusu waliogopa kuanguka. Hofu hiyo ina madhara yake, kwani anayeogopa hutembea kidogo, misuli hulegea, na hatari huzidi.

Huko ni Kanada. Huku Musanda, Mumias Magharibi nchini Kenya, mtu hupita vijia vya udongo kandokando ya miwa, masika huvigeuza utelezi, na choo cha shimo humtaka achuchumae. Waliobuni mguu bandia wa Jaipur nchini India mwaka 1968 waliyafikiria maisha ya namna hii, ya matope na kuchuchumaa. Lakini hata mguu uliobuniwa vizuri haumfundishi mtu kuhamisha uzito wake.

Wapo watakaosema kwamba fedha ni haba, afadhali zinunue miguu zaidi. Hoja hiyo ina uzito: Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa ni mtu mmoja tu kati ya kumi waliohitaji vifaa saidizi aliyekuwa akivipata. Hata hivyo, mguu unaoachwa uvunguni kwa hofu umegharimu sawa na unaotembea, ilhali mazoezi yenyewe yanahitaji ukuta, kiti imara na fito mbili za kushikilia. Wengine watauliza nani atasimamia, maana nauli ya Kakamega mjini kila wiki haibebeki. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Mtaalamu wa fiziotherapia apime na kupanga mazoezi. Mhudumu aliyefunzwa ayafuatilie nyumbani, akikagua vidonda vya kigutu na kumrudisha hospitalini anayeumia. Na mpango huo wa mazoezi usiishie kwenye sakafu laini: ujumuishe kushuka mtaro, kubeba mtungi, na kuinuka baada ya kuanguka, zoezi ambalo familia nzima yapaswa kulijua.