Je, Wajua? Juma, Asia, Almasi: Majina na Asili Zake

Je, wajua kwamba mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku huitwa Juma, wala si Hamisi? Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapokuchwa, ndiyo maana wazee wa pwani huuita usiku huo "usiku wa Ijumaa". Akiwa wa kike, ni Mwanajuma. Miezi nayo imetupa akina Rajabu, Shaabani na Ramadhani, na siku ya 10 ya Muharram imetupa akina Ashura. Lakini usitafute majira katika jina la Ramadhani. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo mfungo huzunguka majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi: Ramadhani mmoja alizaliwa masika, mwingine kipupwe. Juma lenyewe limeshavuka mipaka ya dini. Magharibi mwa Kenya wapo Wakristo wengi wenye jina hilo.

Na Bakari je? Ni Abu Bakr, khalifa wa kwanza, aliyefariki mwaka 634. Jina lake hasa, kwa kauli iliyo mashuhuri, lilikuwa Abdallah. Abu Bakr ni kuniya, lile jina la heshima la kumwita mtu "baba fulani", na bakr kwa Kiarabu ni ngamia kijana. Ulimi wa pwani ukaidondosha "Abu", tukabaki na Bakari.

Lifuatalo kila mwenye jina la Asia anastahili kulijua. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimbadilishia jina binti wa Omar bin Khattab aliyeitwa Asiya, yaani mwasi, akamwita Jamila, yaani mzuri. Anayeisikia hadithi hiyo kwa Kiswahili anaweza kumwonea huruma binti yake mwenye jina la Asia. Asihofu. Hayo ni majina mawili mbalimbali: la binti wa Omar huandikwa kwa herufi za ain na sadi, na la Asia wetu kwa alifu na sini. Ni sikio letu tu linaloyasikia kuwa moja. Asia wetu ni mke wa Firauni, anayesifiwa katika sura ya 66 ya Kurani kwa imani yake, ingawa humo hakutajwa kwa jina. Jina lake tumelipata katika hadithi. Mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Kurani nzima ni Mariamu.

Majina ya vito yana historia nzito zaidi. Almasi, Feruzi, Marjani: leo mzazi huyachagua kwa mapenzi, lakini kwa karne nyingi, kuanzia Baghdad hadi Unguja, mabwana waliwapa watumwa wao majina ya namna hiyo, pamoja na yale ya heri kama Mabruki na Faraji. Mtu aliyenunuliwa aliitwa kama mali, au kama bahati ya yule aliyemnunua. Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyezaliwa katika nchi ya Rum, yaani Bizanti, mwaka 1179, alitekwa utotoni akauzwa Baghdad. Yaqut ni yakuti, kito. Hata hilo "al-Hamawi" si la kwao. Ni nisba, yaani jina la mahali pa asili, ya mfanyabiashara aliyemnunua, mtu wa Hama huko Syria. Alipoachwa huru alisafiri sana, akaandika kamusi kubwa ya nchi na miji, na ndani yake ameitaja Unguja pamoja na kisiwa cha Tumbatu chenye wakazi Waislamu. Mwandishi wa wasifu Ibn Khallikan anasimulia kwamba Yaqut alipopata umaarufu alijiita Yaqub, jina la nabii. Ulimwengu haukumfuata. Vitabu vinamwita Yaqut mpaka leo.

Unguja alikuwapo aliyefanikiwa zaidi katika hilo. Binti aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 alipewa jina la Mtumwa, na kazi yake ilikuwa kutembeza vyungu akiviuza. Sauti yake ya taarabu ilipouteka mji, watu wakamwita Siti, tamko la Kiarabu la kumheshimu bibi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert alipoandika maisha yake, kitabu alikiita Wasifu wa Siti Binti Saad.

Basi ukiwa na babu aitwaye Feruzi au bibi aitwaye Marjani, usikimbilie kuihukumu asili yake, maana majina haya yalishaenea katika kila tabaka. Muulize nani alimpa jina hilo na kwa sababu gani, kisha uandike jibu lake pamoja na tarehe.