LAINI YAKO YA SIMU IKO KWA JINA LA NANI?



Wengi wenu mnaokwenda Jinja na Mbale kutafuta vibarua au kuuza bidhaa mmetuuliza: je, ni salama kusajili laini ya simu kwa jina lako mwenyewe, au ni afadhali kubaki na ile uliyosajiliwa na mwenyeji? Ni swali la haki. Mtu aliyekimbia kwao anaweza kuwa na sababu ya kutotaka ijulikane alipo.

Usajili wa laini ulitokana na sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu kusikiliza mawasiliano. Baadaye wauzaji wakadai kitambulisho cha taifa, ambacho mkimbizi hana. Ndipo watu wakawaomba wenye nyumba, matajiri wao au marafiki wawasajilie. Mwezi Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) iliagiza makampuni ya simu yawasajili wakimbizi kwa kadi ya mkimbizi au kwa barua ya uthibitisho inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Hata hivyo, wengi bado wanatumia laini za zamani.

Laini ya jina la mwingine inaonekana kama maficho, lakini haikufichi sana. Mbele ya kampuni, mwenye jina ndiye mwenye laini. Mkikosana, anaweza kwenda dukani na kitambulisho chake, akasema simu imepotea, akapewa laini mpya yenye namba ileile. Yako itazimika, na pesa zilizomo zitakuwa mikononi mwake. Utashtaki vipi wakati jina lako haliko popote?

Jina lako mwenyewe nalo lina hatari yake, na hii wengi hawaijui. Mtu yeyote mwenye namba yako akianza kukutumia pesa, simu yake humwonyesha jina lililosajiliwa kabla hajathibitisha. Anaweza kughairi hapo hapo. Hakutoa hata shilingi, lakini jina amelipata. Kwa hiyo namba ya pesa wape watu wachache tu, wala usiiweke kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa mazungumzo ya kawaida unaweza kuwa na laini nyingine, pia ya jina lako, ambayo hukuifungulia huduma ya pesa.

Angalieni pia daftari la wakala. Jina, namba, kiasi na sahihi huandikwa humo, nalo hukaa wazi mezani huku walio kwenye foleni wakisoma. Mwombe wakala afunike kurasa za wengine. Namba ya siri usimtajie, hata akisema anakusaidia.

Na kampuni yenyewe je? Simu ikiwa imewashwa, kampuni inajua imeshika mnara upi. Ukitoka Jinja kupitia Iganga na Tirinyi hadi Mbale, simu hubadilisha minara njia nzima, na hilo huandikwa kwa jina lolote. Kubadilisha laini tu hakusaidii sana, maana simu yenyewe ina namba yake ya kiwandani (bonyeza *#06# uione). Kusikiliza maneno yako ni jambo jingine: sheria ya 2010 inataka kibali cha jaji wa Mahakama Kuu. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, nasi hatuwezi kuwaahidi zaidi ya hapo. Iko pia sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi, inayokupa haki ya kuuliza kampuni ina taarifa gani zako na kutaka makosa yasahihishwe.

Anayetaka kuhama, atoe kwanza pesa zote kwenye laini ya zamani. Kisha aende na kadi au barua yake kwenye duka la kampuni yenyewe, si kwa mchuuzi wa barabarani, na asimwachie mtu kadi hiyo.

Ikiwa yuko mtu anayekutafuta kwa ubaya, usisajili kwanza. Mwone afisa wa ulinzi, faraghani.