Kabla kusi halijaanza: Nta gani itaokoa rangi ya gari lako Marafa?

Kuna hesabu mbili ambazo kila kijana mwenye Probox ya mkopo kwenye njia ya Malindi na Marafa anazijua kwa moyo: mafuta na spea. Mwenye bodaboda ni vivyo hivyo, na wengi wao huongeza ya tatu, ile pesa ya mkopo ya kila wiki. Rangi haimo kwenye hesabu ya mtu. Rangi ni urembo, ati. Subiri siku ya kuuza. Mnunuzi hafungui boneti kwanza. Atalizunguka gari polepole, mikono nyuma, atainama kwenye kona za milango, atapitisha kidole juu ya paa lililopauka, kisha atakutajia bei ya kukukata maini.

Ukiingia YouTube kutafuta namna ya kulinda rangi, wengi watakaokujibu ni watu wa Uingereza, Kanada na Marekani, na wimbo wao ni mmoja: paka nta ya kudumu kabla ya majira ya baridi. Kule barafu ikishika barabarani humwagiwa chumvi ili iyeyuke, na chumvi hiyo hiyo huyarukia magari na kuyaozesha. Usicheke ukasema sisi hatuna theluji. Chumvi yao huja kwa msimu. Yako haina likizo. Malindi mjini unapulizwa na upepo wa bahari mchana kutwa. Ukienda Gongoni au Ngomeni unapita karibu na mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari hulazwa juani mpaka yabaki meupe, makavu. Halafu lipo kusi. Kuanzia Aprili hadi mnamo Septemba linavuma kutoka baharini, mawimbi yanapasuka, na matone madogo usiyoyaona husafiri na hewa hadi kwenye gari uliloegesha mbali na ufuo. Masika nayo huangukia humo humo, na Mei ndiyo hunyesha zaidi pwani yetu. Chumvi ikikutana na unyevu, kutu haisubiri mwaliko mwingine.

Kwa hiyo baridi yetu sisi ni kusi, na mwezi wa kujiandaa ni Machi, jua la kaskazi likiwa bado linakausha kila kitu.

Ukivuka Sabaki, ukaiacha barabara kuu ya Garsen na kuingia bara kuelekea Marafa, unaongeza adui wa pili. Vumbi la huku si unga wa kupangusa kwa mkono. Lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi ya gari lolote. Nenda Nyari ukajionee, lile korongo ambalo wageni huliita Hell's Kitchen. Jina Nyari hufasiriwa kuwa mahali palipobomoka penyewe. Hadithi ya pale inasema kulikuwa na familia tajiri iliyooga maziwa ya ng'ombe kwa kufuru, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza, na ndiyo maana kuta zina weupe wa maziwa na wekundu wa damu. Wanajiolojia wao hawana utamu huo: wanasema ni mawe laini ya mchanga yaliyochongwa na mvua na upepo. Mimi huzipokea simulizi zote mbili, ila kwa habari ya gari nitawafuata wanajiolojia. Mvua haikuchimba korongo lile kwa siku moja. Ilianza juu, ikaondoa kidogo kidogo.

Rangi yako inaondoka hivyo hivyo. Unachokiona kama rangi moja ni tabaka kadhaa: praima chini, rangi yenyewe katikati, na juu kabisa ule utando usio na rangi ambao mafundi huuita klia. Klia ndiyo inayong'aa na ndiyo inayozuia jua lisiipige rangi. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja wa kichwa chako. Kila unapopangusa vumbi kavu kwa tambara, unaikwaruza. Kila kinyesi cha kunguru kinachokaukia juu yake saa sita za mchana kinaichoma, na Malindi kunguru hatuwakosi. Ikiisha, hakuna kitu cha kupaka kitakachoirudisha. Ni kupiga rangi upya, na bei ya kazi hiyo nadhani unaijua.

Hapo ndipo nta inapoingia. Nta haiongezi klia. Inakaa juu yake na kukubali kuliwa badala yake: chumvi inatua kwenye nta, utomvu unatua kwenye nta, na wewe unapaka nyingine baada ya miezi kadhaa. Ukilielewa hilo, hutasumbuliwa tena na swali la ipi inang'aa zaidi. Kung'aa hudumu wiki moja kwa zote. Swali lako ni moja tu: ipi itakuwa bado ipo Juni?

Rafu za maduka ya spea zimejaa vikopo, na maandishi yake yanachanganya. Kwanza tenga polishi na nta. Polishi ina chembechembe za kusugua. Kazi yake ni kuondoa, yaani inakula klia kidogo ili mikwaruzo isionekane. Ukipaka polishi kila mwezi ukidhani unalinda gari, unalimaliza mwenyewe. Kuna vikopo vinavyochanganya vyote viwili, na hivyo ningeviacha dukani isipokuwa rangi yako imeshachoka. Soma nyuma ya kopo, usisome mbele.

Nta ya asili inayosifiwa zaidi ni kanauba. Hutoka kwenye majani ya aina ya mchikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil, mti unaojipaka nta hiyo wenyewe ili jua kali lisiukaushe. Huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 82 hadi 86, wakati nta ya nyuki huyeyuka karibu na 63. Kwa jua letu tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu boneti nyeusi iliyoachwa mchana inaweza kukuunguza kiganja. Kanauba inapendeza, ina mng'ao wa joto joto hivi, lakini ukweli ni kwamba haidumu. Wiki kadhaa, miezi miwili ukiwa na bahati.

Ya pili ni ile ya kutengenezwa kiwandani, ambayo wauzaji wengine huiita silanti. Hii haitoki kwenye mti wowote. Ni kemikali zinazoshikana na klia na kukauka kama ngozi nyembamba. Mng'ao wake ni wa kioo, mtu anaweza kusema hauna roho, lakini chumvi na sabuni haviing'oi upesi. Kopo litakuahidi miezi sita, au hata mwaka. Mimi ahadi hiyo ningeikata nusu kwa gari linaloshinda kati ya bahari na barabara ya vumbi, na hata nusu hiyo inatosha: ukipaka mwishoni mwa Machi na tena mwishoni mwa Juni, umevuka kusi lote.

Ya tatu ni seramiki, jina ambalo siku hizi limeandikwa hata kwenye chupa za kunyunyiza za bei ya soda. Seramiki halisi hudumu miaka, lakini huwekwa na fundi baada ya rangi kusuguliwa ikawa kama mpya, na malipo yake ni ya mtu mwenye gari la kutazamwa. Kwa gari la kazi linalorushiwa kokoto kila siku, weka pesa hizo kwenye tairi. Nta ya kiwandani ndiyo yako. Kopo la gramu 200 ukilitumia kwa ubahili litafika zaidi ya mara kumi kwa gari dogo, kwa hiyo si lazima ununue peke yako. Changeni stejini.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo nta nzuri nyingi huharibikia.

Nta hushika kile inachokikuta. Ikikuta chumvi, itaifungia chumvi ndani. Kwa hiyo maji ndiyo nusu ya kazi, na maji ya huku yana mambo yake: visima vingi vya ukanda huu ni vya maji ya chumvi. Ukiosha gari kwa maji ya kisima kisha ukaliacha likauke, umelipaka kile kile ulichotaka kukitoa. Tumia ya kisima kuondoa tope ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe ya mfereji, yale yatokayo Baricho, au ya mvua uliyoyakinga kwenye mabati. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha kusuuza, ukimwaga kuanzia paa kushuka chini.

Anza kwa kumwagia, usiguse. Acha maji yauchukue mchanga kwanza. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni, ili mchanga ubaki kwenye ndoo ya pili. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo. Ina nguvu ya kuondoa mafuta, na nta kwake ni mafuta tu. Siku ya kwanza, unapotaka kuondoa nta ya zamani, inaweza kusamehewa; baada ya hapo tumia shampuu ya gari.

Likikauka, funika vidole kwa karatasi ile nyepesi ya nailoni iliyofungia mkate (mifuko tuliyopigwa marufuku 2017 hatuna, lakini mkate bado tunao) na uupapase mlango. Ukihisi ukavu kama msasa, kuna uchafu ulioganda ambao sabuni haikuutoa. Maduka ya vifaa vya magari huuza donge laini mfano wa udongo wa kufinyanga kwa kazi hiyo. Unalowesha rangi kwa maji ya sabuni na kulipitisha taratibu bila kukandamiza. Likianguka chini, litupe, limeshaokota mchanga. Na tafadhali, udongo wa Nyari si mbadala, hata ukiwa laini namna gani.

Paka asubuhi mapema au jua likishapoa, bodi ikiwa baridi. Kivuli ni muhimu, lakini chagua kivuli. Mwembe na mkorosho, ambayo Magarini imejaa, itakudondoshea utomvu kabla hujamaliza. Kibanda cha makuti ni bora. Chukua nta kidogo, kiasi cha ukucha, kwa sponji laini, paka kipande kimoja kimoja: mlango, kisha boneti, kisha paa. Iwe nyembamba kiasi cha kujiuliza kama umepaka kweli. Nta nene hailindi zaidi, inakuchosha tu kuifuta. Subiri ipate ukungu. Kwa unyevu wa pwani huenda ikachelewa kuliko kopo lisemavyo. Ipitishie kidole: ikitoka safi bila kuburuza, futa kwa kitambaa cha mikrofaiba, ukikigeuza kila mara. Nta ya kiwandani inataka kulala kavu usiku kucha, kwa hiyo umande wa alfajiri usiikute nje. Kesho yake rudia mara ya pili, utapafunika pale mkono ulipoparuka. Mara ya tatu ni starehe yako.

Bampa nyeusi za plastiki, zile ambazo Probox nyingi huja nazo bila rangi, zikwepe. Nta hukaukia mle na kuacha madoa meupe ambayo utayasugua mpaka uchoke.

Tahadhari moja ambayo wauza nta hawaitaji sana: nta inalinda kile unachokiona. Kutu ya pwani huanzia usipopaona: chini ya gari, ndani ya matao ya magurudumu, kwenye pindo la chini la mlango. Huko ni maji baridi ya kusuuzia kila wiki wakati wa kusi, na kuhakikisha vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango havijazibwa na tope. Mtindo wa kupulizia dizeli chini ya gari ili ling'ae, unaopendwa na baadhi ya vijana wa kuosha magari, haufai. Dizeli hulegeza mipira ya bushi, na kabla hujafika Marafa imeshalivuta vumbi lote likaganda. Kuna dawa za kupulizia chini zenye nta ndani yake, hizo ndizo. Na kokoto ikichubua rangi hadi chuma, weka praima na rangi ya kugusia kwanza, nta baadaye. Kidonda hakifunikwi kikiwa kichafu.

Mwenye Boxer, yote haya yanakuhusu, tena kazi yako ni ya saa moja tu: tangi, madigadi, vifuniko vya pembeni, hata kromu ya ekzosi ikiwa imepoa. Kiti, vishikio na pa kukanyagia usiviguse, abiria atateleza. Diski ya breki usiisogeze nta hata kwa mzaha.

Utajuaje imeisha? Mwaga kikombe cha maji kwenye boneti. Yakijikusanya kuwa shanga na kukimbia, bado ipo. Yakitandazika na kulala kama kwenye sahani, toa kopo. Na kopo hilo usilihifadhi kwenye buti, joto la mle mchana litaivuruga nta. Liweke nyumbani, penye kivuli, mfuniko umekazwa.